Kuhusu Ile Skrini Pana Uliyoniambia Ninunue

Mtaa wa Belliveau,
Shediac, New Brunswick.
16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Réjean,

Salamu nyingi kutoka kwetu, mimi na shemeji yako Solange. Hali yako huko Fort McMurray? Goti je, bado linalia ukipanda zile ngazi za mitambo? Shemeji Tanis hajambo? Na mwanao Odile, masomo yanamwendeaje? Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya kuitwa wazima. Theluji imeanza kuoza kando ya barabara, kila mahali tope, na Solange anagombana na viatu vya kila anayeingia. Mama tulimwona Jumapili. Anakula, anawashinda wenzake karata, na bado anawaambia wauguzi wa nyumba ya wazee ya Cap-Pelé kwamba mchuzi wao ni maji aliyooshewa kuku.

Najua unajiuliza barua ya nini. Ukoo wetu si wa kuandikiana. Lakini ni wiki nyingi sasa sijaingia kwenye gemu yetu ya vita ya kila Jumamosi mtandaoni, na kila ukinipigia nasema nina kazi. Kazi sina. Nina jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye hedifoni huku wale wenzako wawili wa karakana wanasikiliza, na kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha kabla sijafika nusu. Karatasi haikatizi mtu. Tafadhali soma mpaka chini.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichamba mwanzoni mwa baridi?

“Yvon, jamaa kasimama kushoto kwako kama nguzo ya umeme, humwoni?”

“Katokea ghafla.”

“Ghafla wapi, yupo hapo tangu jana. Nyani haoni kundule, lakini wewe kaka huoni hata la mwenzako.”

Wenzako walicheka, na mimi nikacheka. Kisha ukaniambia kwamba shida ni ile skrini yangu ya kizamani, ndogo kama sinia ya biskuti, na kwamba mtu mzima anayeishi kwa kuhariri video anapaswa kuona haya. “Nunua ile pana, inayopinda. Uione dunia, mzee.”

Maneno yako yalinikaa, kwa sababu na kazini mambo yalikuwa yameanza kwenda upande. Nilirekodi harusi ya binti wa kina Gaudet, nikaikata na kuipanga filamu yao kwa uangalifu wote, nikaikabidhi. Baada ya siku chache bibi harusi akanipigia. Sauti ilikuwa ya mtu anayejizuia. Akaniambia kwamba pale wanapoapa, ukingoni mwa picha upande wa kulia, mjomba wake yuko anachimba pua. Si mara moja akaacha. Anachimba kwa subira, kuanzia kiapo cha bwana mpaka kiapo cha bibi, na mwisho anaangalia alichopata. Ukoo mzima ulikuwa umemwona isipokuwa mimi, niliyekitazama kipande hicho labda mara hamsini. Binti alikuwa akicheka. Mama yake hakucheka.

Nikakata picha upande ule, nikawarudishia. Lakini haikupita muda, watu wa klabu ya kolingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, nao wakaniuliza kwa nini mlingoti wa kipaza sauti unaning’inia pembeni mwa filamu yao. Nikamwambia Solange, basi, Réjean kasema kweli, skrini inanibana. Kubwa itanipa nafasi.

Tulikwenda dukani Moncton siku ya Alhamisi. Wewe ulizungumza kana kwamba ni kuingia na kutoka, lakini kuchagua skrini ya mtu anayecheza gemu na pia kuhariri video ni kama kutafuta farasi mmoja wa kulimia na wa kushindania mbio. Gemu inataka wepesi: picha ibadilike haraka, isiburute mkia nyuma ya kitu kinachokimbia. Uhariri unataka ukweli: nyeupe iwe nyeupe, na uso wa mtu uwe uso wake. Nyingi zina kimoja na kudanganya kwenye kingine. Nilikuwa nimebeba kipande changu cha video kwenye flashi, chenye shela la harusi kwenye mwanga wa theluji, kamba wakubwa waliochemshwa wakiwa mezani, na bibi mmoja mzee mwenye mashavu ya baridi. Nikamwomba binti wa dukani, mchangamfu mwenye pete puani, akionyeshe kwenye kila skrini. Moja ililigeuza shela kuwa la buluu. Nyingine iliwapaka wale kamba rangi kama ya mdomo. Ya tatu ilikuwa na rangi za heshima, lakini ukisogeza kipanya kishale kinakuja kwa mwendo wa maandamano ya kanisani.

Ile iliyopinda ilikuwa mwisho wa safu, inchi thelathini na nne. Solange aliizunguka, akaipima kwa mikono.

“Hii ni skrini au kioo cha mbele cha basi?”

“Mama, akikaa mbele yake hahitaji hata kugeuza shingo,” yule binti akamwambia. “Yote inamwingia machoni.”

Shela lilikuwa jeupe. Uso wa bibi ulikuwa wa bibi. Kishale kilikimbia. Nikasema ndiyo hii.

Nyumbani ilibidi mashine ya kuchapia ihamie jikoni, kando ya kibaniko cha mkate, na Solange hajanisamehe bado. Lakini siku ya kwanza nilifurahi, sikufichi. Vipande vyote vya filamu vilijipanga mbele yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, pasipo kuvisukuma huku na huku. Nilijiona fundi upya.

Kisha ikaja Jumamosi yetu. Unaikumbuka, maana uliniuliza kama nimemkalisha paka mahali pangu. Nilikufa mara nyingi kuliko siku zote. Ramani iko pembeni, siioni. Idadi ya risasi iko pembeni, siioni. Hata kazini nilianza kukipoteza kishale cha kipanya, nikawa nakitikisa ovyo mpaka kinijie katikati. Nikajiambia ni ugeni tu, macho yatazoea.

Solange ndiye aliyeanza kuniangalia.

“Mbona unageuza kichwa kama kuku anayetafuta punje?”

“Skrini ni kubwa.”

“Si walisema hutageuza shingo?”

Niliendelea kukitafuta kishale. Siku nyingine alisimama kando yangu na bakuli la mchuzi wa kuku, akisubiri nilipokee. Alisimama mpaka mkono ukamchoka, akaliweka chini na kuondoka, akiamini nimemnunia. Mimi sikujua kama kuna mtu chumbani.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, akavuta kiti akakaa nami mbele ya skrini. Akaweka picha tupu ya kijivu, nukta moja katikati. Akashika kipanya. Akasema tunacheza: nikodolee nukta, nisihamishe macho, naye atakileta kishale kutoka ukingoni, nami niseme nikikiona. Nilicheka, nikakubali. Nikakodoa. Nikasubiri.

“Haya, anza,” nikamwambia.

“Nimeshaanza.”

Nilipokiona kishale, kilikuwa kimeshapita nusu ya njia kuja kwenye nukta. Nikamwambia anadanganya, amekirusha. Akarudia upande wa pili. Vilevile. Nikamwambia skrini ni mbovu, pembeni haionyeshi. Hakubishana. Aliniomba tubadilishane viti, akaikodolea nukta, nami nikakisogeza kishale mwenyewe kutoka ukingoni kabisa.

“Naona,” akasema. Kilikuwa hakijatoka ukingoni hata upana wa kidole.

Tulikaa pale. Nilisikia friji ya jikoni ikinguruma. Kisha Solange akanishika goti, akasema, “Kesho tunapiga simu.”

Nilikwenda kwa daktari wa macho nikiwa na kiburi, Réjean. Ubaoni nilisoma mpaka mstari wa mwisho, herufi ndogo kama chawa, nikamtazama Solange kwa jicho la nilikwambia. Ndipo Daktari Haché akanipeleka kwenye mashine nyingine. Unaweka kidevu, unatazama ndani ya bakuli jeupe, unapewa kitufe mkononi. Vitaa vinawaka hapa na pale, vingine hafifu sana, na kila ukiona unabonyeza. Nikacheka moyoni. Mimi na vitufe ni marafiki tangu utotoni. Nilibonyeza kila nilichokiona, sikukosa hata kimoja. Kulikuwa na vipindi virefu vya kimya katikati, mashine ikigonga taratibu na pasiwake kitu, nami nikadhani inapumzika.

Haikuwa inapumzika. Daktari alinionyesha karatasi. Katikati peupe, kama tundu la ufunguo, na kuzunguka pote giza.

“Bwana Doiron, macho yako ya katikati ni mazuri sana,” akaniambia. “Ndiyo maana yamekufichia ya pembeni.”

Ni glakoma, presha ya macho. Haiumi. Haiwashi. Inakula kuanzia pembeni, polepole, miaka na miaka. Nilimuuliza mbona sioni weusi popote. Akasema hakuna anayeuona: ubongo unapaziba mahali palipokosekana kwa kile unachotarajia kuwepo. Ukuta unaendelea kuwa ukuta, barabara inaendelea kuwa tupu. Na mimi nimeishi miaka yote jicho langu likiwa kwenye kitundu cha kamera. Nani angenizoesha vizuri zaidi kuishi katikati tu? Nikamuuliza kama kuna dawa ya kurudisha. Alikuwa mwungwana, hakuzunguka. “Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tutakilinda.”

Kwa hiyo natia matone asubuhi na jioni, na mwezi ujao watanipiga mwanga wa leza kwenye jicho la kushoto, lile baya zaidi. Leseni ya gari nimeirudisha. Solange ndiye dereva sasa, na hapo ndipo ninapoteseka kweli, wewe unajua anavyokata kona. Harusi nimeacha kurekodi. Nilipofikiria watoto wanaokimbia chini chini kwenye kumbi zile, na mimi natembea kinyumenyume na kamera, nikaona yatosha. Kuhariri naweza bado. Vijana wawili wa Dieppe wananiletea picha zao nizipange.

Siku za kwanza niliichukia ile skrini. Niliigeuza ikatazama ukuta, kana kwamba ndiyo iliyoniibia. Watu husema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa yakifungwa pazia pande zote, mchana kweupe, na mimi nimekaa mbele nikilalamikia udogo wa dirisha.

Sasa naja kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Daktari aliniuliza nani mwingine kwenye ukoo. Nikasema hakuna. Akasema ugonjwa huu hupenda kupita kwenye damu, nikamuulize mzazi. Basi nikamwendea Mama. Nilimkuta dirishani, karata zimetandazwa. Nilimweleza polepole, nikidhani ataanza kulia. Hakulia. Alikusanya karata zake, akazifunga kwa mpira.

“Baba yenu alikuwa na kichupa kwenye friji,” akasema. “Kando ya siagi. Matone. Alisema yanamwasha, akaacha.”

Nikamuuliza lini. Akasema zamani, Baba akiwa bado kwenye karakana ya mabasi ya shule. Baba aliogopa wakijua hawatamwachia tena kuyajaribu mabasi barabarani, naye akamwapisha Mama asiseme. Mama mwenyewe alidhani ni dawa ya macho makavu. Alichojua ni kwamba mumewe alianza kugonga milango, na kwamba yeye akitembea kushoto kwake, Baba alikuwa anamkanyaga. Basi akahamia kulia, akamshika mkono, wakatembea hivyo kila mahali mpaka siku Baba alipoanguka.

“Watu walidhani ni mapenzi,” akasema. Akafikiri kidogo. “Na yalikuwa mapenzi pia.”

Unakumbuka watu walivyomsema Baba hapa mjini. Kwamba ana kiburi. Kwamba anapita watu kanisani bila salamu. Kwamba aliangusha sanduku la barua la jirani na akaendelea na safari kama bwana mkubwa. Sisi wenyewe tulimsema. Mimi nilimsema.

Na wewe una lako. Sijawahi kuligusa, kwa sababu uliniomba nisiliguse. Lakini nilikuwepo uwanja wa ndege Moncton siku ile unaondoka. Mlikuwa bado mmenuniana kwa ajili ya safari yenyewe, Baba kasimama mbele ya mlango wa kioo, anatazama nje moja kwa moja. Wewe ulimjia kutoka kushoto, begi likiwa bega la pili, ukanyoosha mkono. Uliuweka chini, usawa wa kiuno, kama mtu asiyetaka wengine waone anaomba. Na yeye hakuupokea. Ulisimama nao hewani, kisha ukautia mfukoni ukaenda kwenye mstari. Ulipofika huko uliniambia, “Mzee kanikatalia mkono.” Umelibeba miaka kumi na minane. Kwenye mazishi yake ulisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Tangu Mama anieleze yale, nimeirudia picha ile kichwani kama ninavyorudia vipande vya filamu. Uliposimama wewe, mimi leo nisingekuona. Nimejaribu. Nilimsimamisha Solange kushoto kwangu mbele ya dirisha la sebuleni, nikamwambia anyooshe mkono usawa wa kiuno. Sikuuona. Nilimwambia aseme akiunyoosha, naye alikuwa ameshaunyoosha.

Sitakuapia. Baba alikuwa na hasira nawe, hilo ni kweli, na mtu mwenye hasira anaweza kukataa mkono anaouona vizuri. Sikuwa ndani ya macho yake. Huenda hata ningemuuliza angekataa kunijibu, unamjua. Lakini nakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiwekea maana. Ulipokwisha kuingia, Baba aligeuka, akaangalia huku na huku, akaniuliza, “Réjean yuko wapi? Ameshakwenda?” Nilidhani anajifanya. Nilikasirika kwa niaba yako, nikamwambia ndiyo, ameshakwenda, twende zetu. Alisimama kidogo kabla ya kunifuata.

Ulifanye utakavyo, mdogo wangu. Ni lako. Sikuweza tu kukaa nalo peke yangu.

Ombi langu ni moja. Nenda kapimwe. Usimwambie daktari akupime kwa herufi za ubaoni, utazisoma zote kama mimi na kurudi nyumbani ukitamba. Mwambie kaka yako anayo, baba yako alikuwa nayo, akupime presha ya macho na akuweke kwenye lile bakuli lenye vitaa. Wewe bado unapanda ngazi juu ya mitambo, chini yako chuma kitupu. Ikiwa huna kitu, nitafurahi na utanicheka. Ikiwa unacho, umekikuta mapema kuliko mimi, na mapema ndiyo dawa yenyewe. Odile naye, akifika umri, mkumbushe.

Uliniuliza pia kama ile pana ni nzuri, maana unataka kununua kama hiyo. Ni nzuri sana. Niliirudisha dukani. Yule binti hakuniuliza maswali mengi. Nimechukua ya inchi ishirini na saba, bapa, yenye rangi za kweli na mwendo wa kutosha, nami nimeisukuma nyuma kabisa ya meza mpaka yote inaingia ndani ya tundu langu la ufunguo. Kwa macho yangu hiyo ndiyo kubwa. Yako sijui, mpaka yapimwe.

Nisalimie Tanis na mwanangu Odile, mwambie ba’ mkubwa wake bado anamdai ile video ya mashindano ya kuteleza kwenye barafu ili aikate vizuri. Salamu pia kwa wale wenzako wa karakana, ingawa hawanisaidii kitu vitani. Mama anakubusu, na anasema ukija msimu wa kamba usilale hotelini. Solange anakusalimu kwa mikono miwili.

Jumamosi hii nitaingia. Usinitume mbele. Niweke nyuma yako. Kilicho mbele yangu kabisa hakitapita, nakuhakikishia. Kushoto na kulia nitakuachia wewe. Na nikikosa kumwona mtu, nitukane kama zamani. Nitajua bado ni wewe.

Mungu akulinde huko juu kwenye vyuma, awalinde na walio wako, na atuachie nuru iliyobaki mpaka tuonane ana kwa ana.

Wako akupendaye,
kaka yako,
Yvon